Kufuli Halifundishi Adabu ya Mtandao

Ndugu mwandishi, umeshauri vyumba vya kompyuta katika sekondari za Bukoba na Muleba vifungwe, ati intaneti inawaharibu wanafunzi. Wasiwasi wako nauelewa. Dawa yako siikubali.

Mwanafunzi aliyenyimwa kompyuta shuleni ataikuta intaneti likizoni, kwenye simu ya kaka yake huko Kamachumu, mwalimu hayupo. Hapo ndipo atakaposambaza picha ya kumdhalilisha mwenzake, asijue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza unyanyasaji wa mtandaoni.

Shuleni angefundishwa mapema: nywila haiazimwi, usiinuke kitini kabla ya kutoka kwenye akaunti yako, maana anayekupokea anaweza kutuma matusi kwa jina lako, usichomeke flashi usiyoijua ilikotoka. Skrini zielekee anakopita mwalimu, na daftari la zamu lioneshe nani alikalia mashine ipi, saa ngapi.

Tena, ukifunga chumba umefunga na Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Mkosaji aadhibiwe yeye; darasa zima lina kosa gani?