Picha ya mwezi na shahidi wake

Kila ifikapo jioni ya mwezi 29 Ramadhani, kabla muadhini hajamaliza adhana ya Maghrib, simu zetu huanza kulia. Picha imeingia: uzi mwembamba wa nuru juu ya anga la zambarau, na chini yake maneno machache, "Umeandama, wajulishe wengine." Haisemwi nani kaupiga, kasimama wapi, wala ilikuwa saa ngapi. Dakika kumi baadaye picha ile ile inarudi kutoka kwa shemeji aliye Muscat, kisha kwa jirani wa mlango wa pili. Kufikia Isha nyumba moja imekwisha gawanyika. Baba anauliza daku itapikwa nini, na kijana wake anapiga pasi kanzu ya Idi.

Safu hii haikusudii kuamua baina ya wanaofuata mwandamo wa nchi na wanaofuata mwandamo wa popote. Masheikh wetu wa pande zote mbili wameyaeleza hayo kwa dalili zao, na mimi si mtu wa kuingia katikati yao. Ninalotaka kulizungumza ni dogo zaidi, nalo linanigusa kwa kuwa napenda kamera na napenda kukaa nje jua likitua. Je, ile picha ni shahidi?

Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud, kutoka kwa Ibn Abbas, kwamba bedui mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akasema ameuona mwezi wa Ramadhani. Hakuulizwa kwanza pembe zake zilielekea wapi. Aliulizwa kuhusu nafsi yake: je, anashuhudia kuwa hapana mola ila Allah, na kwamba Muhammad ni Mtume wake? Alipokubali, Bilal akaamrishwa awatangazie watu wafunge. Mwezi ulithibiti kwa kuthibiti mtu. Picha isiyo na mwenyewe hatuna la kuiuliza. Haina jina wala uadilifu, na hata ikisema uongo haina wa kumwogopa.

Hata hivyo, picha inaweza kuhojiwa kidogo, na anayekaa nje jioni atajua pa kuanzia. Hilali changa huonekana magharibi, karibu na pale jua lilipozama, kwa muda mfupi tu. Sasa tazama pwani yetu. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zote zinaikabili bahari upande wa mashariki. Anayeniambia kauona mwezi wa kwanza ukielea juu ya mawimbi ya bahari kuu, naye kasimama ufukweni Dar es Salaam, ameutazama upande ambao haukuwepo. Huko mjini afadhali paa la ghorofa, macho yaelekee bara. Unguja ni kinyume chake. Walio Forodhani na Mtoni wana bahari magharibi, hivyo upeo wa macho wao uko wazi, na wa Paje na Bwejuu ndio wanaougeuzia mgongo ufuo wao. Nimewaona vijana wakifunga safari kwenda pwani ya mashariki na kamera za thamani kubwa kutafuta mwandamo. Kamera ilikuwa nzuri, lakini haikuwa na cha kupiga.

Kisha lipo umbo. Katika bendera nyingi mwezi umezoea kusimama wima, pembe zikitazama ubavuni. Huku kwetu karibu na Ikweta hilali changa haisimami hivyo. Hulala, pembe zikielekea juu, mara imetulia kama dau majini, mara imeinama kidogo upande mmoja kama dau lililopigwa na upepo. Ukiletewa picha ya mwandamo wa Pemba na mwezi umesimama kama herufi, tafuta mnazi au paa la nyumba ndani yake. Kama mnazi nao umelala, basi aliyepiga aligeuza simu tu, hana hatia. Kama mnazi umesimama na mwezi umesimama, picha hiyo imetoka mbali na Pemba.

Lakini dalili hizi za macho zinapungua nguvu kila mwaka, kwa sababu chombo chenyewe kimeanza kusema zaidi ya kilichokiona. Machi 2023 mtumiaji mmoja wa simu za Samsung alichukua picha ya mwezi, akaififisha kwa makusudi katika kompyuta hadi mabonde yake yote yakapotea, kisha akaipiga picha kioo cha kompyuta katika chumba chenye giza. Simu ikatoa mwezi wenye mabonde yaliyo wazi. Kampuni ilieleza baadaye kwamba programu ya kamera imefunzwa kuutambua mwezi na kuuboresha. Kwa anayetaka kupamba ukuta wa sebule hakuna neno. Kwa anayetaka kutoa ushahidi mbele ya kadhi, lipo neno kubwa: ameona yeye, au imeona simu, au imekumbuka simu?

Na upande wa pili, kipo chombo kinachosema kweli tupu na bado hakitufai. Tarehe 8 Julai 2013 Mfaransa Thierry Legault aliipiga picha hilali wakati ule ule wa kukutana kwa jua na mwezi, saa ambayo umri wa mwezi ni sifuri. Ilikuwa asubuhi, jua liko juu, naye alitumia darubini iliyokingwa na mwanga wa jua na kamera inayonasa miali ya joto isiyoonekana kwa macho. Picha ile ni ya kweli kabisa. Lakini hakuna mwanadamu ambaye angeuona mwezi ule kwa jicho. Rekodi inayotajwa ya jicho tupu ni ya Stephen O'Meara, mwaka 1990, hilali ya saa 15 na dakika 32, naye ni mtazamaji aliyebobea na mwenye macho ya ajabu. Basi tukisema kila kinachonaswa na kamera ni mwandamo, mwezi utaandama asubuhi watu wakiwa kazini. Wanaosema darubini ni miwani tu iliyokuzwa wana hoja. Lakini miwani ina mahali inapoishia, na mwenye kutoa hukumu hana budi kupaonyesha.

(Tahadhari kwa wazazi: msimruhusu mtoto kuelekeza darubini au lenzi ndefu magharibi kabla jua halijazama lote. Jicho huungua bila maumivu.)

Mambo haya yasingenishughulisha hivi kama yangekuwa ya mwezi peke yake. Mwishoni mwa Mei 2024, baada ya mahema ya wakimbizi kupigwa kule Rafah, ilienea katika Instagram picha moja ya mahema yaliyopangwa safu safu hadi yakaandika maneno ya kuitaka dunia ielekeze macho Rafah. Ilisambazwa zaidi ya mara milioni 40. Ilitengenezwa na akili mnemba. Nyuma yake palikuwa na milima mirefu, ilhali Rafah ni nchi ya tambarare na mchanga. Ndani yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Wapo walioitetea wakisema mitandao huficha picha za damu, na hii angalau ilipenya. Ninaielewa hoja yao, wala siwalaumu walioisambaza kwa uchungu wao. Lakini wakati huo huo wapo wapigapicha waliokuwa pale pale wakiyapiga yaliyotokea, na wengi wao hawapo tena. Umoja wa Mataifa umehesabu waandishi na wapigapicha zaidi ya 200 waliouawa Gaza tangu Oktoba 2023. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mmoja wa wapigapicha wa huko, Mohammed Salem wa shirika la Reuters, alikuwa katika hospitali ya Nasser, Khan Younis, tarehe 17 Oktoba 2023. Alimpiga picha mama aliyepiga magoti akiwa amemkumbatia mtoto wa ndugu yake, binti wa miaka mitano, ndani ya sanda. Mwaka 2024 picha hiyo ilipewa tuzo ya juu ya World Press Photo. Nimeitazama mara nyingi, na kinachonikaa moyoni ni adabu yake. Uso wa maiti umefunikwa. Uso wa mama umeinama, hauonekani. Hakuna damu. Heshima ya maiti imehifadhiwa na msiba umefika. Wenzetu wanaokimbilia kila ajali ya basi huku kwetu na simu mkononi, wakarusha miili ya Waislamu na wasio Waislamu kabla jamaa zao hawajapata habari, na waitazame picha hiyo. Muhimu zaidi kwa hoja yangu, ina mwenyewe. Tunajua ni nani, alisimama wapi, siku gani. Anayetaka kumkadhibisha anaye wa kumkabili.

Turudi angani. Baadhi ya wazungumzaji wetu hupenda kusema kwamba neno kamera limetokana na Kiarabu, qamara. Si kweli, ni Kilatini, maana yake chumba. Hatuna haja ya kujipachika nasaba isiyo yetu wakati iliyo yetu ipo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Misri na kufariki karibu na mwaka 1040, aliandika risala nzima kuhusu umbo la kupatwa kwa jua, akieleza kwa nini mwanga wa jua lililoliwa, ukipita katika tundu dogo, huchora hilali ukutani. Waliokuwa Rujewa mkoani Mbeya tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipobaki pete, hawakuhitaji kitabu. Kila upenyo baina ya majani ya miti ulikuwa kamera, na ardhi chini ilijaa pete ndogo ndogo za nuru.

Inshaallah, Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa kikamilifu juu ya Luxor, Jeddah na Makka yenyewe, ambako giza litadumu kwa takriban dakika tano, muda mfupi baada ya Adhuhuri. Sisi wa Afrika Mashariki tutaona sehemu tu ya jua ikifunikwa. Jua kupatwa si jambo jingine ila ni mwezi kulikuta jua, ule mkutano ambao wana hesabu hutuambia kila mwezi na wengine wetu huutilia shaka. Siku hiyo kila mtu atauona mchana, kwa miwani maalumu au kwa kivuli cha mwembe. Jioni yake hilali itakuwa changa mno, haitaonekana. Jumanne, ikiwa mawingu yatatuacha, itakuwa na umri wa zaidi ya siku moja. Basi atakayetaka kuutafuta mwezi wa Mfunguo Sita na asimame Forodhani, au juu ya paa kule Dar es Salaam, amchukue na mzee mmoja mwenye macho mazuri, na akipiga picha aandike jina lake, mahali na saa.