Mtwana Aliachwa Huru: Je, Mjakazi?

Ndugu wafanya kazi,

Sisi tunaokaa Mtwapa na kufanya kazi ya reli Mombasa tuna neno la kusema katika gazeti hili la chama. Twaomba lisomwe mpaka mwisho, kisha mwenye kukasirika akasirike.

Hapa kwetu, ufuoni, yapo magofu ya kale yaitwayo Jumba la Mtwana. Yalikuwa makao ya watu katika karne ya 14, na kila mtu wa Mtwapa ayajua. Mtwana ni mtumwa mwanamume. Mtumwa mwanamke jina lake mjakazi. Tumepita pale mara nyingi wala hatukupata kujiuliza: katika nyakati za utumwa, aliyeteka maji ni nani? Aliyetwanga, akapika, akalea watoto wa bwana, ni nani? Ni mjakazi. Lakini jumba limeitwa la mtwana.

Jina la gofu si kitu kikubwa. Sheria ndiyo kitu kikubwa. Mwaka 1897 Sultani wa Unguja, Hamoud bin Mohammed, kwa kusukumwa na Waingereza, alitoa amri kwamba mahakama zisiutambue utumwa tena. Mtumwa aliyetaka uhuru wake aliweza kwenda kuudai. Lakini masuria hawakuingizwa katika amri ile. Ilisemwa kwamba hao ni kama wake, ni mambo ya ndani ya nyumba, na nyumba za watu zisivunjwe. Suria alingoja mpaka mwaka 1909, ndipo amri nyingine ikamfungulia mlango. Miaka 12! Mtwana aliambiwa nenda, suria akaambiwa ngoja.

Twaandika haya kwa sababu neno hilo "ngoja" tumelisikia katika tawi letu, na waliolitamka ni sisi.

Katika mkutano uliopita alisimama mama mmoja, mfagiaji. Yeye na wenzake wameletwa kazini na kontrakta. Aliuliza maswali matatu. La kwanza, je, wafagiaji wa kontrakta waweza kuwa wanachama? La pili, mbona mwenzao tumbo likianza kuonekana mkataba wake haufanywi upya? La tatu, mbona katika kamati ya tawi hakuna mwanamke hata mmoja? Mwenzetu mmoja akamjibu, "Mama, ngoja kwanza tumalize mambo ya mishahara. Hayo yenu yatakuja baadaye." Watu wakacheka. Na sisi tulicheka. Yule mama akaketi.

Tulipokuwa katika matatu tukirudi, tumefika darajani Mtwapa, mmoja wetu akasema, "Maneno yale siyo waliyoambiwa baba zetu?" Tukanyamaza. Tangu siku ile tumekuwa tukiyapima, neno kwa neno, na tumeona ni yale yale.

Tuanze na mshahara. Wazee wetu walilipwa kwa rangi. Mwaka 1948 tume ya Holmes ilishauri kwamba katika utumishi wa serikali asiye Mzungu apewe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Hesabu hiyo iliondolewa kwa kufuata shauri la tume ya Lidbury ya mwaka 1954. Na wale wa chini kabisa, yaani vibarua, mshahara wao ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke. Kamati ya Carpenter, iliyoangalia mishahara ya Waafrika, ilieleza hivyo mwaka 1954. Wakubwa walitoa sababu gani? Walisema Mwafrika ana shamba kwao, na mkewe analima.

Ndugu, lisomeni neno hilo mara ya pili. Mkewe analima! Yule mama aliyelima mahindi na mihogo kule bara ya Kilifi, akalisha watoto kwa jembe lake, ndiye aliyemwezesha bwana kumlipa mume nusu. Bwana alinunua jasho la mtu mmoja akapata la wawili, na huyo wa pili hakuandikwa katika kitabu chochote cha mishahara. Sisi tuliimba habari za jasho letu. Jasho lake hatukulitaja.

Na leo kontrakta asemaje? Asema mwanamke si neno akilipwa kidogo, kwani ana mume. Jana mwanamume alipunjwa kwa kuwa ana mke, leo mwanamke apunjwa kwa kuwa ana mume. Asiye na mume je? Mjane je? Hata serikali yetu wenyewe, kwa miaka mingi baada ya uhuru, haikumpa mtumishi mwanamke aliyeolewa posho ya nyumba, kwa kisingizio kwamba mumewe atampangia. Na Sheria ya Kazi ya mwaka 1976 ilimpa mama aliyejifungua likizo ya miezi miwili, lakini ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka huo, kana kwamba kuzaa ni kwenda matembezi. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoondoa jambo hilo, ikatoa miezi mitatu, ikaamuru pia malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Sheria hiyo iko. Lakini sheria bila chama cha kuidai ni karatasi ya kufungia mandazi.

Neno la pili ni jina. Mzee mwenye mvi aliitwa "boi" na kijana wa Kizungu aliyetoka Uingereza juzi. Jambo hilo liliwauma wazee wetu kuliko njaa. Sasa tusikilizeni sisi kazini. Mama mwenye wajukuu twamwita "wale wasichana wa ufagio". Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu uchungu.

Neno la tatu ni kwamba "hawajakomaa". Mwafrika aliambiwa hajakomaa kupiga kura, hajakomaa kuendesha treni, hajakomaa kujitawala. Alipopewa nafasi alifanya yote. Na wanawake je? Katika Bunge la uhuru la mwaka 1963 hakuchaguliwa hata mmoja. Mwaka 1969 watu wa Kisumu Mjini walimchagua Grace Onyango, na Bunge halikuanguka. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, wanawake wa Kenya walikuwa miongoni mwa madereva. Treni haimwulizi dereva kama ni mume au mke. Yauliza kama ajua kazi.

Neno la nne ndilo lile la "ngoja". Katiba ya mwaka 2010 yasema katika vyombo vya kuchaguliwa watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Bunge likangoja kutunga sheria, likangoja tena, mpaka mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Hao ni watoto wa watu walioambiwa "ngojeni" na mkoloni, nao wamelishika neno lake vizuri sana.

Hapa yatupasa kusema kweli nyingine, ili mtu asije akatukamata kwa upande huo. Hatusemi ya mwanamke na ya mtu mweusi ni mambo mamoja kabisa. Memsahibu alikuwa mwanamke, na yaya wake alikuwa mwanamke, lakini hawakula meza moja. Mwanamke wa Kizungu alipata kura katika nchi hii mwaka 1919. Mwafrika alimchagua mjumbe wake kwa kura mara ya kwanza mwaka 1957, tena kwa masharti ya elimu, mali na mshahara, ambayo wanawake wetu wachache waliyafikia. Basi tazameni palipomwacha mwanamke Mwafrika. Memsahibu alimpita kwa rangi, mumewe akampita kwa suruali. Alibeba mizigo miwili, na kila upande ukamwambia mzigo wetu ndio wa kwanza.

Tena liko jambo moja lililo gumu zaidi kwetu. Yule Mzungu aliyetubagua hakulala nyumbani mwetu. Jioni tuliachana naye, tukaenda kumsema tukiwa mbali. Lakini mwanamke huyu ni mama yetu, ni dada, ni mke, ni binti. Akidai haki, wa kudaiwa ni sisi. Ndiyo maana ni rahisi kupigana na bwana mkubwa aliye ofisini kuliko kupigana na bwana mkubwa aliye ndani ya shati letu. Shuleni misheni tulifundishwa habari za kibanzi na boriti. Tulidhani boriti ni ya Wazungu peke yao.

Wengine watasema mambo haya ni ya kigeni, hayakuhusu watu weusi. Si kweli. Mwaka 1840 ulifanyika mkutano mkubwa London wa watu waliopinga utumwa. Wanawake walikuja kama wajumbe kutoka Marekani, wakakataliwa kukaa na wajumbe wenzao. Mkutano wa kupinga utumwa, nao ukabagua! Basi alikuwapo mjumbe mweusi kutoka Marekani, Charles Remond. Nauli yake ilikuwa imechangwa na vyama vya wanawake. Alipoona hayo alikataa kiti chake, akaenda kuketi na wanawake kando. Hakusema "kwanza tumalize ya weusi". Alijua ubaguzi ni nini, na hakutaka kuushika upande wa mpini.

Wala hatuna haja ya kwenda London. Hapa Kilifi, mwaka 1913, wazee wengi walipokuwa wakisitasita, ni Mekatilili wa Menza aliyewakusanya Wagiriama Kaya Fungo wale kiapo cha kutowatii Waingereza, waliotaka kodi na vijana wa kwenda kufanya kazi zao. Alikamatwa, akapelekwa Kisii, mbali kabisa, naye akatoroka akarudi kwao. Leo kila mwanasiasa wa pwani humtaja Mekatilili jukwaani. Twauliza: kama Mekatilili angekuja katika mkutano wa tawi letu, tungempa kiti, au tungemwambia atupikie chai?

Na mkutano wenyewe hufanyika wapi? Saa mbili za usiku, mahali pa pombe. Mama mwenye watoto wadogo aweza kufika? Akifika, akirudi peke yake, watu watamsema vipi? Kisha twasema wanawake hawapendi chama. Bwana mkubwa naye alikuwa na klabu ya Wazungu, kisha akasema Waafrika hawapendi kuzungumza naye.

Kwa hiyo, ndugu, twatoa mashauri matatu, na twataka yapigiwe kura katika mkutano ujao.

Kwanza, wafagiaji wote wa kontrakta, wanaume kwa wanawake, waandikwe uanachama, na chama kidai sheria ya malipo sawa kwa niaba yao. Mwenye kufanya kazi katika reli ni mtu wa reli, hata kama karatasi yake ina jina la kontrakta.

Pili, mwanamke ye yote atakayenyimwa mkataba kwa sababu ya mimba, shauri lake lichukuliwe na katibu siku ile ile kama shauri la mtu aliyefukuzwa kazi bila haki. Ndivyo lilivyo.

Tatu, mikutano ifanyike Jumapili alasiri, mahali ambapo mama aweza kuja na mtoto wake, na katika kamati wachaguliwe wanawake wawili kwa kuanzia.

Wako watakaosema tutadhoofisha chama kwa kuleta mambo ya nyumbani. Sisi twasema chama kimekwisha dhoofika. Siku tutakapoweka chini kazi, kontrakta atawatafuta watu wa bei rahisi. Atawapata wapi, kama si kwa hao tuliowaacha nje ya mlango? Wakubwa walituweka katika mafungu, Mzungu, Mhindi, Mwafrika, kila fungu na mshahara wake, ili fungu moja lisiamke pamoja na lingine. Tusimfanyie kontrakta kazi hiyo bure.

Yule mama aliketi kwa sababu tulicheka. Katika mkutano ujao tutasimama sisi kwanza, tumwombe radhi mbele ya watu wote, kisha tumwombe aulize maswali yake tena. Safari hii katibu ayaandike.

Ni sisi,
Wafanya kazi wa reli, Mtwapa.