Idadi ya Pikseli si Ubora wa Picha

Majuma mawili yaliyopita nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikitafuta kamera kwa ajili ya wanafunzi wangu wanaoandika juu ya maisha ya wamachinga. Muuzaji, kijana mchangamfu, aliniwekea kamera mbili mezani. "Mwalimu, hii ni megapikseli 12, ile ni 20," akasema. "Hapo hakuna la kuuliza." Nilipouliza ukubwa wa kihisi, yaani kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga, aligeuza boksi pande zote. Halikuandikwa.

Simlaumu. Tumezoea kununua kwa namba moja, na hatujiulizi inapima nini.

Megapikseli ni nukta milioni moja za picha, wala si zaidi ya hapo. Picha ya megapikseli 12 huwa na nukta kama 4,000 kwa 3,000, na huweza kuchapishwa kwa upana wa takriban sentimita 34, nukta 300 kwa kila inchi, bila kupoteza ukali. Wengi wetu hatuchapishi kabisa. Tunatazama kwenye kioo cha simu. Isitoshe, anayetaka undani maradufu, kwa urefu na kwa upana, anahitaji pikseli mara nne: si 20, bali 48.

Ubora huamuliwa na mwanga unaofika na eneo linaloupokea. Fikiria mvua ya masika. Mwenye ua mpana hutandaza mabeseni. Mwenye kiuchochoro, akitaka idadi ileile ya vyombo, hana budi kupanga vikombe. Kihisi chenye ukubwa wa filamu ya zamani ni milimita 36 kwa 24. Kile cha kamera nyingi ndogo za mfukoni ni kama milimita 6 kwa 4.6. Tofauti ya eneo inakaribia mara 30. Ukizidisha pikseli katika kibamba hicho kidogo, kila moja hubaki na mwanga haba, na giza likiingia picha hujaa chenga.

Ni kweli kwamba kamera ndogo hufanya vizuri juani, na kwamba simu za siku hizi husaidiwa sana na programu. Lakini tazama zinavyofanya: simu nyingi zilizonadiwa kwa megapikseli 48 huunganisha pikseli nne kuwa moja, zikakupa picha ya megapikseli 12. Waliozitengeneza wanajua kinachohitajika. Wanaozitangaza ndio wanaoimba namba. Kisha kuna lenzi, ambayo ikiwa hafifu au ina alama za vidole, hakuna idadi ya nukta itakayoiokoa.

Kwa nini mambo haya yawe ya kijamii? Kwa sababu fedha za umma nazo hununua namba. Ofisi moja niliyowahi kuishauri ilitangaza kutafuta kamera za picha za vitambulisho. Sharti la ubora lilikuwa moja tu: megapikseli zisizopungua 16. Aliyeshinda kwa bei ya chini kabisa alitimiza sharti hilo kikamilifu, na nyuso za wananchi zikatoka kama vivuli.

Kamera haikuwa mkosaji peke yake. Kipimo cha mwanga cha kamera hukisia kwamba mandhari yote ina mng'ao wa wastani. Mweke mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe, nayo hupunguza mwanga ili ukuta using'ae mno; anayepotea ni mtu. Kihisi kidogo hakina akiba ya kumrudisha. Tiba yake ilikuwa taa moja ya kumulika uso, au kumsogeza mtu karibu na dirisha, na kumfundisha mpiga picha kuongeza mwanga. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye zabuni, kwa kuwa hayahesabiki kirahisi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Hata hivyo, namba iliyo kwenye boksi ni ya kweli. Kinachopotosha ni kuachwa peke yake. Kwa hiyo nadai mambo mawili. Ukubwa wa kihisi uandikwe kwa milimita kando ya megapikseli. Na maofisa ugavi waache kununua kwa karatasi: waitishe picha za majaribio za uso wa Mtanzania, ndani ya chumba, kwa mwanga hafifu.

Mnunuzi wa kawaida hahitaji kusubiri sheria. Nilimwomba kijana yule asimame nyuma kabisa ya duka, mahali palipokuwa na giza, nikampiga picha kwa kila kamera, kisha tukazikuza mpaka machoni. Katika ile ya 20, nyusi zake zilikuwa zimeyeyuka ndani ya chenga. Katika ile ya 12, yenye kihisi kipana, hata kovu dogo shavuni lilionekana.

Alijitazama kwa muda. "Mwalimu," akasema, "kumbe mimi nimekuwa nikiuza boksi."

Nilichukua ile ya 12.