Kitabu Ambacho Hakukipanga



Juma hili alinijia kijana mmoja aliyelazimika kuacha masomo ya seminari baada ya miaka minne. Wengi walikwisha kumfariji kwa maneno tuliyoyazoea, kwamba Mungu amemwandalia lililo bora zaidi. Maneno hayo yamemchosha. Nilipokuwa nikimsikiliza nilimkumbuka mwandishi Mkatoliki J. R. R. Tolkien, ambaye vijana wetu wamemjua hasa kwa filamu za miaka ya 2001 hadi 2003, na ambaye (wachache hulijua hili) alizaliwa barani kwetu, mjini Bloemfontein, mwaka 1892.

Mwaka 1937 Tolkien alitoa The Hobbit, hadithi ya watoto. Ilipendwa, na mchapishaji wake akataka nyingine. Tolkien akampelekea alichokithamini kuliko vyote: masimulizi ya kale ya ulimwengu aliokuwa akiubuni tangu ujana wake, yaani The Silmarillion. Yalirudishwa. Aliambiwa kwamba wasomaji wanawataka hobbit, wale watu wafupi wapenda chakula. Basi Desemba ya mwaka uleule akaketi kuandika mwendelezo wa kitabu cha watoto.

Kazi hiyo ilimchukua takriban miaka 12, wala haikuwa tena ya watoto. Pete, ambayo katika kitabu cha kwanza ilimfanya tu mwenye kuivaa asionekane, iligeuka kuwa chombo cha uovu mkuu kinachomtawala anayeimiliki. Msafiri wa ajabu anayekutwa katika nyumba ya wageni alikuwa, katika rasimu za mwanzo, hobbit mwenye viatu vya mbao; baadaye akawa mrithi wa ufalme. Mwandishi alipomwingiza hakujua kwamba ni nani. Mwaka 1944, akimwandikia mwanawe aliyekuwa Afrika Kusini katika mafunzo ya urubani wa kijeshi, alieleza jinsi mhusika mwingine, Faramir, alivyojitokeza bila yeye kumbuni.

Linalonigusa zaidi ni jambo dogo. Pete ilipobadilika, kitabu cha 1937 hakikulingana tena na kipya, kwa maana mle Gollum alikuwa radhi kuitoa pete kama zawadi. Kiumbe aliyetekwa nayo kiasi kile angewezaje? Tolkien akaiandika upya sura ile, nayo ikatoka katika toleo la 1951. Mpango unapogeuka, hata yaliyopita huanza kusomeka kwa namna nyingine. Huenda miaka minne ya kijana wetu nayo itasomeka hivyo siku moja. Lakini Tolkien alihitaji miaka mingi kabla ya kurudi kwenye sura ile. Kwa nini tumdai kijana aisome upya leo, machozi hayajakauka?

Tena sikubaliani na wanaodhani kwamba mafanikio hufuta hasara. The Lord of the Rings ilitoka mwaka 1954 na 1955, ikigawanywa katika majuzuu matatu kwa sababu ya gharama. Tolkien alikuwa ametamani sana itoke pamoja na The Silmarillion. Ilimbidi akubali itoke peke yake. Akaendelea kuyahangaikia masimulizi yale ya ujana hata alipofariki mwaka 1973, hajayamaliza. Mwanawe Christopher, yuleyule wa barua za 1944, ndiye aliyeyakusanya na kuyatoa mwaka 1977. Mamilioni walikuwa wamekwisha kukipenda kitabu ambacho hakukipanga, naye bado alikuwa akikitamani kile alichokipanga.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, Mtakatifu Paulo na wenzake wanajaribu kwenda Bithinia, Roho hawaruhusu, nao hatimaye wanavuka bahari kwenda Makedonia. Tunapolihubiri somo hili hukimbilia Makedonia, na mimi nimo. Lakini Luka hatuambii sababu ya kuzuiwa kwao, wala hatuambii kwamba Paulo aliwahi kufika Bithinia.

Ndiyo maana sikumwahidi kijana yule jambo lolote. Tuliketi barazani hadi kengele ya Misa ya jioni ilipolia. Kabla ya kuondoka aliomba aruhusiwe kuwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza siku za Jumamosi, akaongeza kwamba ni kwa sasa tu, maana hajui mwakani atakuwa wapi. Nilimkubalia.