Kazi Zikiondoka Arusha

Yapo maneno yasemwayo sana hapa Olmotonyi, hata vinywani mwa makarani wenzetu, ya kwamba kijana aliyekosa kazi mjini Arusha ni mvivu, maana kazi haziishi. Sisi twaona maneno hayo si ya haki. Kazi huisha, tena pengine huisha kwa siku moja.

Na tukumbuke mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza tarehe 1 Desemba 1967 na kuweka makao yake makuu Arusha, ilivunjika, na mpaka wa Kenya ukafungwa hata 1983. Karani aliyeyajua majalada ya Jumuiya kwa moyo alijiona ana ujuzi usiotakiwa na mtu. Mali na madeni yaligawanywa kwa mapatano ya 1984, lakini madai ya watumishi yalidumu miaka mingi baada ya hapo. Kisha kiwanda cha matairi cha General Tyre kikasimama 2009. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoenea, watalii walioingia nchini, ambao mwaka uliotangulia walikuwa milioni 1.5, walipungua wakawa kama 620,000. Wapagazi na madereva wengi wakarudi migombani.

Wataalamu wawili, Blanchard na Katz, walionyesha mwaka 1992 kwamba huko Marekani jimbo likipungukiwa na kazi, watu huhama wakatafute penginepo, na ndivyo mambo yanavyotengemaa. Huku kwetu sivyo kabisa. Mtu wa mlima Meru anacho kishamba cha baba yake; hurudi huko, akalima pamoja na nduguze, wala hahesabiwi kuwa hana kazi. Basi hasara ya mji huchukuliwa na shamba, wala hapana aliyeandika deni hilo katika daftari yo yote. Lakini shamba lile limekwisha gawanywa kwa wana na wajukuu, na juu yake ni msitu wa Serikali. Litawapokea wangapi tena?

Kwa hiyo twaomba kwamba ofisi ikitaka kufungwa, mtumishi apewe habari mapema, na haki yake alipwe kabla hajaondoka, si baada ya kuzeeka. Na sisi wenyewe tusikae tukijua jalada moja tu. Mwanachama apendaye kujifunza hesabu za biashara saa za jioni na alete jina lake kwa Katibu kabla ya mwisho wa mwezi.