"Moshi Tu"

Na Mwanaidi Mkude

Jumanne iliyopita nilishuka na gari la alfajiri kutoka kwetu Mkuyuni, Uluguru, mkungu wa ndizi miguuni kama mnavyonijua, nikafikia kwa mtoto wa kaka yangu, mtaa mmoja si mbali na Msamvu, mjini. Nyumba ina vyumba sita vya kupanga na korido moja. Majiko ya mkaa ni sita pia, kila moja mlangoni kwa mwenyewe.

Mkewe alikuwa anataka kubandika chai, mtoto wa miezi minane mgongoni. Akachukua mfuko wa plastiki uliotoka na sukari, akausokota, akauwasha kwa kiberiti, akaacha matone ya moto yadondokee mkaa. Tii, tii, tii. Moshi mweusi ukampanda mtoto usoni. Alikohoa mpaka shingo ikalegea. Nikamfungua kwenye kanga, nikatoka naye mbio. Huko uani jirani alikuwa anachoma taka za wiki nzima, pempasi na chupa za maji humo humo.

"Moshi tu huo, shangazi," jirani akaniambia. "Utapita."

Moshi tu! Neno hilo limenikaa kooni hadi leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiofikisha miaka mitano. Chembe zake, ambazo jicho halizioni, zinazama kwenye mapafu hadi kwenye damu. Mtoto anapata nimonia, mkubwa anaangushwa na kiharusi. Watu wa mjini wanalaumu malori ya barabara ya Dar. Lori linapita. Jiko liko mlangoni asubuhi na jioni.

Nilimfokea yule mama mtoto, na najutia. Alinijibu taratibu: "Shangazi, mkaa nanunua wa kopo. Gesi ya kopo ataniuzia nani?" Ndipo nikatazama nilichokuwa nimekalia. Mtungi mdogo wa gesi, waligawiwa bure kwenye mkutano. Gesi ilipoisha, ukawa kigoda.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na moshi ifikapo 2034. Naliombea lengo hilo kwa moyo wote. Lakini kama mnunuzi wa kopo hamudu kuujaza, mtungi huo umempa mahali pa kukaa, basi. Na sisi wa Uluguru tusijitoe: gari nililopanda lilikuwa na magunia ya mkaa juu.

Jumanne hii namshushia mama mtoto magunzi makavu ya kuwashia. Plastiki haiingii tena kwenye jiko lile nikiona. Na wewe jirani wa "moshi tu", saa mbili asubuhi nitakuwa pale. Mbebe mtoto wewe, uiname juu ya jiko.