Wadau, taa ya matumbawe si pambo la sebule

Wadau wa ughaibuni mnaofuga matumbawe kwenye matangi sebuleni, leo nina neno nanyi. Kila mkitaka kuongeza taa, swali la kwanza ni wati ngapi. Jamani, wati hupima umeme unaoliwa, si mwanga. Lumeni nazo hupima mwanga jinsi jicho la binadamu linavyouona, na jicho letu hupokea kijani kuliko bluu.

Tumbawe ni mnyama. Mwilini mwake vimo vijimea vidogo mno aina ya mwani, vinavyolitengenezea chakula kwa mwanga. Baharini rangi nyekundu humezwa kwenye mita chache za juu. Bluu ndiyo inayofika chini. Kwa hiyo taa ya ziada ya bluu, takriban nanometa 420 hadi 480, inaweza kuonekana hafifu machoni petu huku tumbawe likishiba.

Msimamo wangu: kabla ya kununua taa ya pili, azima au kodi kipimo cha PAR, kinachosoma mwanga wa nanometa 400 hadi 700. Pima pale tumbawe lilipokaa, si juu ya maji. Taa mpya ianze na nguvu ndogo, ipandishwe polepole kwa wiki kadhaa. Mwanga mkali wa ghafla huvifukuza vijimea vile, tumbawe likabaki jeupe, njaa ikalimaliza.

Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha matumbawe mengi ya pwani yetu. Kule hatukuwa na la kufanya. Sebuleni swichi unayo mwenyewe. Kama kupima ni kazi, fuga samaki tu.

Nawasilisha.